Kikapu cha Mdomo: Kinga ya Farasi Dhidi ya Shibe

Msafiri apitaye kwa gari moshi katika mashamba ya Uingereza wakati wa miezi ya Aprili na Mei huona jambo linaloweza kumstaajabisha. Malisho yamekwisha kuwa kijani kibichi baada ya baridi ya miezi mingi, majani yanazifunika kwato, na katikati yake wamesimama farasi wadogo wanene, wenye manyoya mengi, nao wamevishwa vikapu midomoni. Wanyama hao wamezungukwa na chakula cha kila upande, na hapo hapo wamezuiwa wasikile watakavyo.

Kumfunga mnyama mdomo si jambo geni kwetu. Wakulima wanaotumia ng'ombe kwa kupalilia huwavisha wanyama wao vikapu au nyavu za kamba ili wasiyale mazao wanapopita baina ya mistari. Shabaha ya kazi hiyo ni kuyalinda mahindi dhidi ya ng'ombe. Farasi wa Uingereza, kinyume chake, huvishwa kikapu ili alindwe yeye mwenyewe dhidi ya majani. Msomaji atauliza: je, majani yanawezaje kumdhuru mnyama aliyeumbwa kula majani? Jibu la swali hilo lina mafunzo kwa kila afugaye mnyama, na pengine hata kwa yule asiyefuga.

Asili ya farasi wadogo

Farasi wadogo wajulikanao kama poni wana historia ndefu ya kazi na ya shida. Poni wa visiwa vya Shetland, kaskazini kabisa mwa Uskochi, ambaye kimo chake hakitakiwi kuzidi sentimeta 107 begani, alikulia mahali penye upepo mkali, mvua, na majani haba. Wenzake wa nyika za Exmoor na Dartmoor, na wale wa milima ya Wales, nao waliishi vivyo hivyo. Miili yao ilijifunza kuweka akiba: kila walichokipata wakati wa kiangazi cha huko waligeuza mafuta, nayo mafuta hayo yaliwavusha katika miezi ya theluji. Ilipofika mwanzo wa majira ya joto walikuwa wamekonda, na mzunguko ukaanza upya.

Sheria iliyopitishwa Uingereza mwaka 1842 iliwakataza wanawake wote, na wavulana waliokuwa chini ya miaka 10, wasifanye kazi chini ya ardhi katika migodi ya makaa ya mawe. Baada ya hapo poni waliteremshwa kwa wingi migodini kuvuta magari ya makaa katika njia nyembamba ambamo mnyama mkubwa hakuweza kupita. Wengi wao waliishi miaka mingi katika giza, wakitoka jasho pamoja na wachimbaji. Mnyama wa namna hiyo hakuweza kunenepa hata angelishwa vizuri namna gani.

Leo poni hana mgodi wa kuingia wala mkokoteni wa kuvuta. Anafugwa na familia za mijini na vijijini kwa ajili ya watoto kujifunza kupanda, naye hupandwa kwa muda wa saa moja au mbili, pengine siku chache tu katika juma. Malisho anayowekwa mara nyingi yalipandwa majani yaliyochaguliwa kwa ajili ya ng'ombe wa maziwa, yenye sukari nyingi na rutuba tele. Baridi ikija, anavishwa blanketi na kuongezewa chakula. Mwili uliozoea dhiki umewekwa katika neema isiyokoma, na kazi imeondolewa. Hapo ndipo balaa lilipoanza.

Ugonjwa uanzao kwenye kwato

Ndani ya ukwato wa farasi mna mfupa wa mwisho wa mguu. Mfupa huo haukukalia ukwato kama mguu wa mtu unavyokalia soli ya kiatu. Umeshikiliwa ukutani mwa ukwato na matabaka membamba mengi ya nyama yaliyofumana, mfano wa kurasa za vitabu viwili zilizopishanishwa. Uzito wote wa farasi huning'inia hapo. Matabaka hayo yakivimba na kuachana, mfupa huanza kugeuka au kuzama, na katika hali mbaya kabisa huweza kutoboa soli ya ukwato. Ugonjwa huo huitwa laminaitisi.

Sababu zake ni zaidi ya moja, lakini kwa farasi wa malishoni iliyo kubwa ni hitilafu ya insulini, ile homoni inayoongoza matumizi ya sukari mwilini. Farasi mnene aghalabu huwa na mwili usioitikia insulini ipasavyo, hali inayofanana na ile inayotangulia kisukari cha ukubwani kwa binadamu. Akila majani yenye sukari nyingi, insulini hupanda katika damu yake na kukaa juu. Mwaka 2007 watafiti wa Australia walionyesha kwamba hata poni wenye afya njema hupatwa na laminaitisi iwapo insulini katika damu yao itawekwa juu mfululizo kwa siku chache.

Ugonjwa huu hauchagui maskini wala tajiri. Secretariat, farasi maarufu wa Marekani aliyeshinda mashindano makuu matatu ya nchi hiyo mwaka 1973, aliuawa kwa huruma tarehe 4 Oktoba 1989 kwa sababu ya laminaitisi. Barbaro, aliyeshinda mashindano ya Kentucky mwaka 2006, alivunjika mguu majuma mawili baadaye; madaktari walipigania maisha yake kwa miezi minane, lakini laminaitisi iliyotokana na kuelemewa kwa miguu mingine ikawashinda, naye akauawa Januari 2007. Ikiwa wanyama wenye thamani ya mamilioni hawakuweza kuokolewa, poni wa mtoto wa karani ana matumaini gani kama hakukingwa mapema? Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Dalili za mvua ni mawingu. Farasi aliyeanza kuugua hutembea kwa shida kama anayekanyaga miiba, hasa akipita penye mawe au akigeuka. Husimama ameitanguliza miguu ya mbele na kuuegemeza mwili nyuma. Kwato zake huwa na joto, na mshipa wa damu ulio juu ya kisigino hupiga kwa nguvu. Mwenye farasi akiziona dalili hizi hana wakati wa kujaribu kikapu: amwondoe mnyama malishoni, amtandikie matandiko mengi na laini ili asimame bila maumivu makali, na amwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Kwa nini asifungiwe bandani?

Mtu mwepesi wa hukumu atasema dawa ni kumfungia farasi bandani na kumnyima chakula. La hasha. Tumbo la farasi ni dogo kwa kulinganisha na mwili wake, nalo hutoa tindikali mchana kutwa na usiku kucha, ale asile. Porini hula kidogo kidogo kwa muda wa saa 16 hivi kila siku. Akikaa muda mrefu bila kutafuna, tumbo hupata vidonda, naye huanza tabia mbaya za uchovu wa moyo kama vile kuguguna mbao. Zaidi ya hayo, poni au punda mnene akinyimwa chakula ghafula, mafuta yaliyohifadhiwa mwilini humwagika katika damu kwa wingi kupita uwezo wa ini, na mnyama huweza kufa.

Wengine hujaribu kumtoa malishoni kwa saa chache tu. Njia hiyo nayo ina hila yake. Poni si mjinga. Akishajua kuwa muda ni mfupi, hula kwa pupa. Utafiti uliofanywa Uingereza ulionyesha kuwa poni waliotolewa kwa saa tatu tu waliweza kula kiasi cha asilimia 40 ya chakula chao cha siku nzima katika muda huo.

Kikapu cha mdomo kilibuniwa ili kuzitatua shida hizi mbili kwa pamoja. Farasi hukaa nje na wenzake, hutembea, hupata jua na hewa, na taya zake huendelea kufanya kazi. Ila majani yanayoingia kinywani ni machache. Majaribio yameonyesha kuwa kikapu hupunguza ulaji kwa kiasi cha asilimia 30 hadi 80, kwa kutegemea aina ya kikapu, urefu wa majani na werevu wa farasi mwenyewe.

Nani avishwe?

Kikapu si pambo la kila farasi. Kwanza mwenye mnyama apime unene wake. Kipimo kinachotumika sana kilitolewa mwaka 1983 na mtaalamu wa Marekani, Don Henneke, wa chuo kikuu cha Texas A&M. Kipimo hicho huanza 1, ambaye ni farasi aliyebaki mifupa, hadi 9, ambaye ni mnene kupindukia. 5 ndiyo hali njema. Mpimaji hutumia mikono kuliko macho, kwa maana manyoya hudanganya. Hupapasa mbavu, mgongo, shina la mkia, nyuma ya bega na shingo. Mbavu zinapaswa kuhisika kwa urahisi bila kuonekana. Zikiwa hazihisiki mpaka zikandamizwe, na shingo ikiwa na nundu ngumu ya mafuta chini ya manyoya yake, mnyama huyo yumo hatarini.

Watoto wa farasi hawavishwi. Wagonjwa, wenye shida ya kupumua, wenye vidonda usoni, na wale ambao laminaitisi imekwisha kuwashika hawavishwi bila idhini ya daktari. Kadhalika, farasi aliyezuiwa mdomo asiwekwe kundini pamoja na wenzake wagomvi, kwa sababu hawezi kuuma ili kujitetea.

Kuchagua kikapu

Aina zake ni mbili hasa. Ya kwanza ni kama ndoo ndogo ya mpira na kitambaa kigumu cha nailoni, yenye tundu moja katikati ya kitako, upana wake sentimeta mbili na nusu hivi. Aina hii huzuia sana, nayo hudumu, lakini huwa na joto siku za jua na huloa jasho na mate. Ya pili ni kikapu cha plastiki chepesi chenye nafasi nyingi pande zote kama tenga. Hewa hupita vizuri na maji hutoka upesi, ila hupunguza ulaji kidogo kuliko ya kwanza, na plastiki yake ngumu huweza kuyasaga meno ya mbele ya farasi mwenye kulazimisha.

Mnunuzi na ayaangalie mambo manne. La kwanza, uzito: kikapu kizito huchosha shingo na kuchubua uso. La pili, hewa: matundu ya pua lazima yawe wazi kabisa, hata farasi akikimbia. La tatu, matundu ya kitako: maji yapite bila kizuizi mnyama anapokunywa, yasije yakabaki na kumsumbua. La nne, na ndilo ambalo wengi hulipuuza kwa kuogopa gharama, ni mahali pa kukatikia. Farasi akinasa kikapu katika ua au tawi, ni lazima kiwepo kipande dhaifu, kama vile ukanda mwembamba wa ngozi, kitakachokatika kabla shingo haijavunjika. Kikapu kisichokatika ni mtego. Ni heri kupoteza kikapu kumi malishoni kuliko kumpoteza farasi mmoja.

Kumvisha ipasavyo

Vipimo havikisiwi kwa macho. Mwenye farasi achukue utepe wa fundi cherehani, apime mzingo wa pua juu kidogo ya pembe za mdomo, kisha urefu kutoka hapo hadi ncha ya midomo. Poni wa Shetland na farasi mkubwa wa kuwindia hawawezi kuvaa saizi moja, hata kama muuzaji atasema hivyo.

Kikapu kikishavaliwa na farasi ametulia, baina ya midomo na kitako pabaki nafasi ya sentimeta mbili na nusu hivi, yaani upana wa vidole viwili. Nafasi ikiwa ndogo, midomo na pua vitasuguliwa mpaka vitoke damu. Ikiwa kubwa mno, farasi hataweza kuyafikia majani na kikapu kitaning'inia. Kidole kimoja kiweze kupita kuzunguka pua yote. Ukanda wa puani ukae chini ya mfupa wa shavu kwa upana wa vidole viwili, usije ukagusa mfupa huo wala kushuka kwenye sehemu laini ya pua. Ukanda wa nyuma ya masikio ukazwe kiasi cha kutoteleza, bila kuyabana masikio. Bizimu zote zilale bapa, ncha zake zisiyaelekee macho.

Baada ya hapo jaribio lifanywe kwa mnyama, si kwa kitabu. Ateremshwe kichwa hadi chini: je, kikapu kimepanda machoni? Ageuzwe huku na huku: je, kimekwenda upande? Ainuliwe kichwa: je, kimemgandamiza pua? Farasi hana ulimi wa kusema mahali panapomuuma, na adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mkono wa mwenye farasi hauna budi kuuliza kwa niaba yake. Sehemu zinazosuguliwa zishonewe kitambaa laini au ngozi ya kondoo, na kikapu kioshwe mara kwa mara, kwa kuwa mate yaliyokauka hukwaruza kama msasa.

Kumzoeza

Kosa la wengi ni kumvisha farasi kikapu kwa mara ya kwanza na papo hapo kumwachia malishoni. Mnyama hushtuka, hukisugua uani, na siku ya pili hukimbia amwonapo bwana wake. Inafaa kuanzia bandani. Kipande cha karoti kitiwe ndani ya kikapu, naye atumbukize pua kwa hiari yake. Siku ya kwanza dakika chache zatosha. Siku zifuatazo muda uongezwe polepole, robo saa, nusu saa, saa nzima, mpaka juma moja au mawili yapite.

Malishoni afundishwe. Majani marefu yapenyezwe katika matundu kwa mkono, ili afahamu kwamba akikandamiza pua chini ataweza kuyanyofoa yanayochomoza. Vilevile lazima aonekane kwa macho akinywa maji. Farasi wa kawaida huhitaji lita 25 au zaidi kwa siku. Aliyekiogopa kikapu chake asikaribie birika atapatwa na msokoto wa tumbo kabla laminaitisi haijamfikia. Birika liwe pana na lenye maji ya kina, ili kikapu kiweze kuingia.

Majani nayo yaangaliwe. Yakiwa mafupi mno kama zulia hayapenyi katika matundu, na farasi atashinda na njaa. Yakiwa marefu sana hulala chini ya kikapu. Yafaayo ni ya urefu wa kiganja hivi. Saa pia zina maana yake. Majani hutengeneza sukari kwa mwanga wa jua na kuitumia usiku, kwa hiyo sukari huwa nyingi alasiri na kidogo alfajiri. Lakini usiku wa baridi kali huizuia sukari hiyo isitumike, na asubuhi ya jua inayofuata umande ulioganda ni ya hatari.

Wataalamu wengi wanashauri kikapu kisizidi saa 10 hadi 12 kwa siku. Saa zilizobaki mnyama awe huru mdomo, lakini si katika malisho yale yale, kwa sababu atafidia usiku alichokikosa mchana na kazi yote itakuwa bure. Awekwe katika uwanja usio na majani, au bandani na nyasi kavu zilizolowekwa majini ili kupunguza sukari yake. Kila siku kikapu kivuliwe, uso na meno vikaguliwe. Kila juma mzingo wa kifua upimwe kwa utepe na kuandikwa daftarini, maana macho yanayomwona mnyama kila siku hayatambui akinenepa wala akikonda.

Je, si ukatili?

Watu wengi wanaouona mdomo uliofungwa husikitika, na huko Uingereza wapitao njiani huweza kumlaumu mwenye farasi kwa kumtesa. Huruma hiyo ni njema, lakini inatazama nje tu. Ukatili ni kumwacha mnyama ale mpaka ashindwe kusimama. Hata hivyo, kikapu kinaweza kugeuka mateso mikononi mwa mtu mvivu. Avishaye asubuhi na kusahau hadi kesho yake, anunuaye saizi yoyote iliyo rahisi, atumiaye kikapu badala ya kumfanyisha mnyama mazoezi, huyo hakumkinga farasi wake. Amejiondolea lawama tu.

Katika nchi yetu farasi ni wachache. Mbung'o na maradhi ya farasi ya Afrika yaliwazuia tangu kale wasienee kama walivyoenea Ulaya. Mnyama wetu wa jamii hiyo ni punda, avutaye mikokoteni ya maji na kubeba magunia kutoka shambani, na shida ya wengi wao ni kinyume kabisa: kazi ni nyingi na chakula hakitoshi. Hakuna haja ya kumvisha kikapu. Lakini kanuni ni moja. Kamba iliyobana, nira isiyolingana na shingo, tandiko lisilo na pamba, vyote hivyo humchubua punda kama kikapu kibaya kimchubuavyo poni. Nafasi ya kidole inayoulizwa puani mwa farasi wa Wales yafaa kuulizwa pia chini ya ukanda wa kifuani wa punda, kila asubuhi kabla ya safari. Apitishe mkono, aone kama kuna jasho lililokauka, uvimbe au manyoya yaliyokatika. Kazi hiyo haimchukui mwenye punda hata dakika mbili.